Kadi Kubwa ya Grafiki: Ipime Kabla Pesa ya Korosho Haijatoka Mfukoni

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni kijana wa Shangani, hapa Mtwara mjini. Kompyuta yangu ina prosesa ya Core i5-10400, RAM ya GB 16, kadi ya grafiki ya GTX 1650 yenye GB 4 na pawa saplai ya wati 550. Skrini yangu ni ya inchi 24, yenye rezolusheni ya 1920 kwa 1080, na huonyesha picha 60 kwa sekunde. Mjomba amelipwa korosho zake na ameahidi kunichangia ninunue kadi kubwa. Nimempata muuzaji wa Dar es Salaam mwenye RTX 3080 ya GB 10 iliyotumika. Anasema ilikuwa ofisini ikifanya kazi ya kuhariri video, na anataka nimlipe kwanza ndipo aitume kwa basi. Gemu za mpira nacheza, lakini hamu yangu hasa ni gemu nzito kama Cyberpunk 2077. Nitaipimaje kadi hii nijue kama inanifaa? — *Msomaji wa Shangani, Mtwara*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kutaja vifaa vyako vyote, kwa maana jina la kadi peke yake halimwezeshi mtu kutoa ushauri. RTX 3080 ilitoka Septemba 2020 kwa bei ya dola 699 za Marekani, ikiwa na kore 8704 (vitengo vidogo vya kufanyia hesabu), kumbukumbu ya GB 10 ya aina ya GDDR6X na matumizi ya wati 320. Mpaka leo ni kadi yenye nguvu, na GTX 1650 yako, ambayo ilitengenezwa itumie wati 75 tu, haiwezi kushindana nayo. Kwa hiyo uwezo wake siuhoji. Ninachotaka tukipime pamoja ni mahali itakapofungwa, yaani skrini yako, prosesa yako, pawa saplai yako, chumba chako na umeme wa mji wetu, kwa sababu bei anayokutajia muuzaji ni sehemu tu ya gharama utakayoibeba.

Nianze na skrini, kwa kuwa ndiyo inayosahauliwa na wengi. Skrini yako ina pikseli, yaani vitone vinavyounda picha, zipatazo milioni 2.07. Skrini ya 2560 kwa 1440 ina takribani milioni 3.69, na ile ya 3840 kwa 2160, ambayo wengi wanaiita 4K, ina takribani milioni 8.29, ambazo ni mara nne kamili ya hizo zako. Kadi za daraja la 3080 zilibuniwa kwa ajili ya skrini hizo mbili kubwa. Ukiifunga kwenye skrini uliyo nayo, hata mchezo ukizalisha fremu (yaani picha) 130 kwa sekunde, skrini itakuonyesha picha 60 tu na nyingine zitakuwa zimetumia umeme pasipo faida ya kuonekana. Sisemi kwamba hutaona tofauti yoyote. Utaweza kupandisha mipangilio yote ya picha na kuwasha ufuatiliaji wa miale ya mwanga, ambao katika Cyberpunk 2077 hubadilisha kweli sura ya mitaa wakati wa usiku, pale taa za matangazo zinapoakisiwa kwenye lami iliyolowa. Hata hivyo, kumlipia mtu kadi ya skrini kubwa ili uitumie kwenye skrini ndogo ni matumizi ambayo ningependa uyafikirie mara mbili.

La pili ni prosesa, na hapa lipo jaribio unaloweza kulifanya leo hii nyumbani kabla hujatoa hata shilingi. Fungua mchezo wako mzito, shusha rezolusheni hadi 1280 kwa 720, weka mipangilio yote ya picha chini kabisa, kisha utumie programu ya MSI Afterburner kusoma kwenye kona ya skrini idadi ya fremu pamoja na asilimia ya kazi inayofanywa na kadi. Ikiwa kadi imeshuka chini ya asilimia 90 hivi ilhali fremu haziongezeki tena, basi idadi hiyo ndiyo dari ya prosesa yako katika mchezo huo. Kadi mpya, iwe kubwa namna gani, haitaivuka dari hiyo. Itakachofanya ni kukuwezesha kupata idadi ileile ya fremu kwa picha nzuri zaidi. Core i5-10400 ni prosesa nzuri yenye kore 6, na kwa skrini ya picha 60 kwa sekunde itakutosha katika michezo mingi, lakini ni vyema ukaijua dari yake kwa namba badala ya kubahatisha.

Sasa tuje kwenye pawa saplai, ambako nina wasiwasi mkubwa zaidi. Kwa RTX 3080, NVIDIA yenyewe, kampuni inayobuni kadi hizi, inapendekeza pawa saplai ya wati 750, na yako ni ya 550. Mtu anaweza kujumlisha wati 320 za kadi, wati zisizofika 100 za prosesa na nyingine chache za vifaa vilivyobaki, akaona hesabu inaishia karibu na 450 na kudhani mambo yametimia. Hesabu hiyo ni ya wastani. Kadi za kizazi hiki zinajulikana kwa kuvuta umeme kwa mikurupuko, yaani kwa milisekunde chache kadi inaweza kudai wati nyingi kuliko zile zilizoandikwa kwenye karatasi yake, na pawa saplai isiyo na akiba hujizima ghafla ili kujilinda. Dalili yake ni kompyuta kuzima katikati ya pambano bila onyo lolote na bila ujumbe wa hitilafu. Zaidi ya hapo, 3080 nyingi huhitaji midomo miwili ya umeme ya pini 8, kila mmoja ukiwa na kikomo cha wati 150, na inafaa kila mdomo upate waya wake wenyewe kutoka kwenye pawa saplai badala ya waya mmoja uliogawanyika ncha mbili. Kwa hiyo kwenye bei ya muuzaji ongeza bei ya pawa saplai mpya ya wati 750 yenye ubora unaoaminika, na usikubali zile nyepesi zisizo na jina ambazo huandikwa wati nyingi kwenye kibandiko tu.

Tukiwa bado kwenye umeme, wewe na mimi tunaishi katika mikoa ambayo kwa miaka mingi imetegemea mitambo ya gesi asilia ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya taifa, na anayeishi hapa hahitaji kukumbushwa jinsi umeme unavyoweza kukatika na kurudi. Ikiwa unatumia UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika) ndogo ya VA 650, fahamu kwamba hubeba wati zisizofika 400. Kwa mashine yako ya sasa inatosha, lakini siku utakapofunga 3080 ukawasha mchezo mzito, umeme ukikatika UPS hiyo itazidiwa na kuzima papo hapo, na utakuwa umekosa kinga uliyoinunua. Itakubidi upate UPS kubwa zaidi, au angalau stabilaiza nzuri.

Na uniti je? Kompyuta yenye 3080 pamoja na skrini itatumia karibu nusu uniti kwa saa ya mchezo mzito. Ukicheza saa 4 kila siku, ni kama uniti 2 kwa siku, na kwa mwezi uniti 60. Mashine yako ya sasa, kwa saa hizohizo, hutumia chini ya nusu ya kiasi hicho. Ikiwa nyumba yenu iko katika kundi la watumiaji wadogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, basi kompyuta peke yake itaibeba nyumba nzima hadi karibu na mpaka, friji na taa zikamalizia. Nyumba ikishavuka na kuhamishiwa kundi la juu, kila uniti ya nyumba nzima hupanda bei, na atakayeona tofauti hiyo kwenye risiti ya LUKU ni mama au mjomba. Ni haki yao kulijua hilo mapema, kabla ya ahadi ya mchango haijatimizwa.

Kuhusu joto, nakuomba usome vipimo vya mitandaoni kwa uangalifu. Wapimaji wengi wa Ulaya na Marekani hupima katika vyumba vyenye nyuzijoto 21 hadi 23. Chumba cha Mtwara mwezi wa Novemba, chenye madirisha mawili na feni ya dari, kinaweza kufika 31 au zaidi alasiri. Feni za kadi zikizunguka kwa kasi ileile, joto la kadi hupanda karibu sawa na joto la chumba. Kadi iliyoonekana na nyuzi 75 kule, hapa tarajia 83 au 85. Kwa kiini cha 3080, yaani chipu yake kuu, kiwango hicho bado ni salama, kwa kuwa kikomo chake ni 93, lakini kumbukumbu za GDDR6X huwa moto zaidi ya kiini, na zikifika nyuzi 110 kadi hujipunguzia kasi. Ongeza na hili: wati 320 zote hatimaye huishia kuwa joto ndani ya chumba chako, na utalihisi mwilini kabla mchezo haujanoga.

Kwa sababu hizo zote, jibu langu ni kwamba kadi hii si ya kwanza kwenye orodha yako. Ukihitaji uwezo wa 3080, itafute RTX 4070 iliyotoka Aprili 2023. Katika michezo mingi inalingana nayo kwa karibu, inatumia wati 200 badala ya 320, ina kumbukumbu ya GB 12, na pawa saplai inayopendekezwa kwake ni ya wati 650. Hizo wati 120 zinazopungua ndizo joto la chumba, uniti za LUKU na mzigo wa UPS nilivyovieleza juu. Na kama utaendelea na skrini yako ya sasa kwa mwaka mwingine au miwili, basi hata RTX 4060 ya wati 115, ambayo hiyo pawa saplai yako ya 550 inaitosha, itakupa karibu kila kitu ambacho skrini hiyo inaweza kukuonyesha. Madabodi yako, yaani ubao unaounganisha vifaa vyote, ni ya kizazi cha PCIe 3.0, kiungo kinachopitisha data kati yake na kadi, na RTX 4060 hutumia njia 8 tu za kiungo hicho badala ya 16, kwa hiyo itapoteza kidogo, lakini si kiasi cha kukufanya uiache. Fedha itakayobaki iweke kwenye skrini ya 2560 kwa 1440.

Hata hivyo, inawezekana 3080 hiyo inauzwa kwa bei ya chini sana kiasi kwamba hata ukijumlisha pawa saplai bado inavutia. Ikiwa ni hivyo, isipimwe kwa maneno ya muuzaji. Usitume pesa kwanza. Mtafute ndugu au fundi unayemwamini aliyeko Dar es Salaam, aende aikute kadi ikiwa imefungwa kwenye mashine inayofanya kazi, na afuate utaratibu huu bila haraka.

Kwanza aitazame kwa tochi kabla ya kuwasha. Aangalie vichwa vya skrubu: vikiwa vimekwaruzwa, kadi imewahi kufunguliwa, jambo ambalo si baya lenyewe ikiwa ilibadilishwa pesti ya kupoza joto, ila muuzaji aeleze nani alifungua na kwa nini. Aangalie katikati ya mapezi ya kupoza kama kuna kutu, ukungu au vumbi lililogandamana. Akizungushe kila kifeni taratibu kwa kidole. Kinachoyumba au kukwaruza kimechoka. Anuse pia sehemu ya midomo ya umeme, kwa sababu harufu ya plastiki iliyoungua haifichiki kirahisi.

Kisha afungue programu ya GPU-Z, inayoonyesha utambulisho wa kadi. Kwa 3080 ya GB 10 anapaswa kuona kore 8704, upana wa kumbukumbu wa biti 320 na kumbukumbu ya MB 10,240. Namba zikitofautiana, aulize. Lipo toleo jingine la 3080 lenye GB 12 na kore 8960, lakini kama muuzaji ameitangaza ya GB 10, namba ziseme hivyo. GPU-Z pia inaweza kutoa onyo pale kadi ya zamani ilipobadilishiwa programu ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la kadi kubwa, na onyo hilo likitokea, mazungumzo yaishie hapo.

Baada ya hapo ndipo kadi ifanyishwe kazi nzito kwa nusu saa nzima, kwa mchezo wenyewe au kwa programu ya kupima kama 3DMark au Superposition, huku HWiNFO, programu inayosoma joto la vifaa, ikiwa wazi pembeni. Dakika 5 hazitoshi, kwa sababu matatizo mengi ya kadi iliyochoka hujitokeza ikishapata moto. Mtu wako asome joto la aina tatu: la kiini, la sehemu yenye moto zaidi ya kiini, na la kumbukumbu. Tofauti kati ya hayo mawili ya kwanza kwa kawaida ni nyuzi 10 hadi 15. Ikifika 25 au 30, pesti imekauka au kipoza joto hakijakaa sawasawa. Wakati huohuo macho yake yasitoke kwenye picha: vitone vya rangi vinavyometameta, mistari inayokata skrini, au vipande vya picha vinavyorukaruka ni dalili za kumbukumbu mbovu, na kadi ya namna hiyo haifai hata kwa nusu bei. Mwisho ajaribu matundu yote ya HDMI na DisplayPort, moja baada ya jingine.

Kuhusu kauli kwamba ilikuwa ikihariri video ofisini, mimi nisingeitegemea. Kadi nyingi za kizazi hiki zilitumika kuchimba sarafu za kidijiti, yaani kuzizalisha kwa hesabu nzito za kompyuta, na Ethereum, moja ya sarafu hizo, ilipobadilisha mfumo wake tarehe 15 Septemba 2022 kazi hiyo ilikoma kwa upande wake, na kadi nyingi zikamwagwa sokoni. Kuchimba sarafu hakumaanishi kwamba kadi imeharibika. Kinachochoka hasa ni feni na pedi za kupitisha joto za kumbukumbu, na hivyo vyote vitajionyesha katika ile nusu saa. Namba za HWiNFO ndizo zipange bei.

Ikishakubalika, isisafiri ikiwa imefungwa ndani ya kompyuta. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na kadi nzito ikining'inia kwenye madabodi inaweza kuvunja tundu lake kwa mitikisiko. Iwekwe kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, izungushiwe sponji pande zote, na ikifika, uifunge mwenyewe kisha urudie jaribio la nusu saa siku hiyohiyo.

---

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Masasi na nafuatilia sana vipimo vya kadi mpya. Ninachanganyikiwa, kwa kuwa mpimaji mmoja anaipa kadi fremu 90 na mwingine anaipa 140 katika mchezo uleule. Tena nilisikia kampuni ikisema kwamba RTX 5070 ya dola 549 ina uwezo wa RTX 4090. Tumwamini nani? — *Mwalimu, Masasi*

JIBU: Mwalimu, wapimaji hao wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kwa sababu kila mmoja amepima kitu tofauti. Kabla ya kuitazama namba, tafuta kwanza masharti yake: rezolusheni, kiwango cha mipangilio ya picha, prosesa iliyotumika, na kama programu za kukuza picha kama DLSS ya NVIDIA au FSR ya AMD zilikuwa zimewashwa. Programu hizo huchora picha kwa rezolusheni ndogo kisha huikuza, kwa hiyo fremu huongezeka bila kadi kuchora pikseli zote. Wapimaji makini hutumia prosesa za juu kabisa, kwa mfano Ryzen 7 9800X3D, kwa nia njema ya kuhakikisha prosesa haiizuii kadi. Nyumbani kwako, ukiwa na prosesa ya kawaida, usitarajie kupata namba hizo katika rezolusheni ndogo.

Kauli uliyoisikia ilitolewa Januari 2025 huko Las Vegas na Jensen Huang, mkuu wa NVIDIA, na ilitegemea teknolojia ya kuzalisha fremu nyingi. Katika mfumo huo, kwa kila fremu moja inayochorwa kweli, fremu hadi tatu za nyongeza hutengenezwa kwa akili bandia. Mwendo kwenye skrini huonekana laini zaidi, na hilo ni jambo zuri, lakini mchezo unasikiliza kidole chako kwa mwendo wa fremu halisi peke yake. Isitoshe, ili kutengeneza fremu za katikati, kadi hulazimika kuishikilia kidogo fremu inayofuata, hivyo kuna ucheleweshaji unaoongezeka. Mchezo unaokwenda kwa fremu halisi 25 na kuonyeshwa kama 100 utautazama kama wa 100 na kuucheza kama wa 25. Mimi naona ni makosa kuziweka namba za aina hizi mbili kwenye jedwali moja, na ningemshauri kila msomaji azikatae. Ukiondoa fremu za nyongeza, RTX 5070 iko chini ya RTX 4090 kwa pengo kubwa, na hata kumbukumbu zinatofautiana mara mbili: GB 12 kwa GB 24.

Namba ninayoipenda kuliko wastani ni ile ya asilimia 1 ya chini, yaani kasi ya zile fremu zilizochelewa kuliko zote. Mchezo wa fremu 60 kwa sekunde huipa kila fremu milisekunde 16.7. Tuseme kadi mbili zote zina wastani wa 100, lakini moja ina asilimia 1 ya chini ya 80 na nyingine 35. Kwenye ile ya pili utahisi mchezo ukikwama kila unapogeuza kamera au kuingia eneo jipya, ijapokuwa wastani unasema kadi ni sawa. Mara nyingi chanzo ni kumbukumbu ya kadi kujaa, jambo linalozidi kuonekana katika michezo mipya kwa kadi za GB 8 na, kwenye skrini za 4K, hata kwa zile za GB 10. Mpimaji asiyeonyesha namba hiyo amekupa nusu ya kipimo.

---

SWALI: Nimekwisha kununua RTX 4090 iliyotumika, na ninaishi karibu na ufukwe hapa Lindi. Nasikia mdomo wake wa umeme huyeyuka. Je, upepo wa bahari nao utaiharibu? Shamba la korosho la jirani halipo mbali. — *Msomaji wa Lindi*

JIBU: Hofu ya mdomo wa umeme ina msingi. RTX 4090 ilipotoka Oktoba 2022, katika wiki za mwanzo ziliripotiwa kadi ambazo mdomo wake mpya wa pini 16 uliungua. NVIDIA ilieleza kwamba katika nyingi ya kadi hizo plagi haikuwa imeingia hadi mwisho. Baadaye muundo wenyewe ulirekebishwa na kuitwa 12V-2x6, ambao haupitishi umeme mpaka plagi ikae vizuri. Kwa kuwa yako imetumika, zima mashine, uichomoe plagi na uitazame ndani kwa tochi: plastiki ya pini ikiwa imegeuka rangi ya kahawia au imelegea, badilisha waya na umpelekee fundi kadi kabla ya kuiwasha tena. Ikiwa safi, isukume hadi usione mwanya wowote, na usiukunje waya katika sentimita 3 hadi 4 za kwanza kutoka kwenye plagi. Kadi hizi huzidi kilo 2, kwa hiyo iwekee tegemeo chini ya ncha yake ili isining'inie.

Wati 450 si lazima zitumike zote. Katika Afterburner, shusha kikomo cha umeme hadi asilimia 70 au 75, uone mwenyewe jinsi fremu zinavyopungua kidogo tu huku joto na kelele za feni vikishuka sana. Kwa mazingira yetu ya pwani naliona hili kuwa la lazima, na mwenye 3080 au kadi nyingine yoyote ya wati nyingi afanye hivyohivyo.

Upepo wa bahari ni tatizo la kweli. Chembe za chumvi hutua kwenye saketi na kunyonya unyevu, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme na kula metali. Salfa ya unga inayopuliziwa mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga nayo ina madhara yake, kwa sababu salfa huishambulia shaba na fedha, na metali hizo zote mbili hupatikana katika vifaa vya elektroniki. Katika miezi ya kupulizia, kati ya Juni na Agosti, funga dirisha la upande wa shamba, usiiweke kompyuta sakafuni, na uweke vichujio kwenye feni zinazoingiza hewa, ukiviosha kila wiki. Unaposafisha kadi kwa blowa, zuia feni zake kwa kidole zisizunguke, maana mwendo wa upepo huo unaweza kuharibu beringi. Usiifute kwa kitambaa chenye maji. Tumia brashi laini, na penye uchafu ulioganda tumia alkoholi ya isopropili ukisubiri ikauke kabisa. Usiiache mashine wiki nyingi bila kuwashwa katika msimu wa mvua, kwa kuwa joto lake lenyewe ndilo linalofukuza unyevu.

---

SWALI: Hapa Newala umeme wetu si wa uhakika. Laptop yenye RTX 4090 si itakuwa sawa na kompyuta ya mezani yenye kadi hiyohiyo? — *Msomaji wa Newala*

JIBU: Jina ni moja, kadi ni mbili. RTX 4090 ya laptop ina kore 9728 na kumbukumbu ya GB 16, na umeme wake kwa kawaida hauzidi wati 150 au 175. Ile ya mezani ina kore 16,384, GB 24 na wati 450. Kwa kiini chake, hiyo ya laptop ni ndugu wa RTX 4080 ya mezani, tena iliyopunguziwa umeme. Ukiinunua, muulize muuzaji wati ambazo mtengenezaji wa laptop hiyo ameipa kadi, kwa sababu laptop mbili zenye jina moja la kadi zinaweza kupishana sana kwa sababu hiyo tu.

Faida yake kwako ni betri, ambayo inakupa muda wa kuhifadhi mchezo na kuzima kwa utaratibu umeme unapokatika. Usitegemee kucheza nayo gemu nzito kwa saa nyingi ikiwa haijachomekwa, kwani kadi hupunguziwa nguvu mara tu chaja inapotoka, na betri yenyewe huisha kwa muda wa saa moja hivi.